Kampuni Haina Nafsi: Basi Nani Ataulizwa?

Ndugu msomaji, ukizitazama sheria za nchi nyingi za ulimwengu utakuta kwamba kampuni huhesabiwa kuwa ni mtu. Yaweza kumiliki ardhi, kukopa na kukopesha, kushitaki na kushitakiwa, na yaweza kuendelea kuishi hali wale walioiasisi wamekwisha zikwa zamani. Jambo moja tu limepungua kwa mtu huyu, nalo ni kwamba hana nafsi. Hasali wala hafungi, haoni haya, na Siku ya Kiyama hatasimamishwa mbele ya Mola wake kupokea kitabu cha matendo yake. Sasa mtu wa namna hii akipewa uwezo wa kuwa muuzaji wa peke yake, au mnunuzi wa peke yake, wa kitu ambacho wanadamu hawawezi kukikosa, kisha akadhulumu, je, dhambi ile itaandikwa katika kitabu cha nani?

Msidhani kwamba swali hili ni la mafakihi na mawakili tu. Linamhusu karani anayelipwa mshahara na kampuni kubwa, linamhusu mzee aliyenunua hisa kwa akiba yake ya uzeeni, na linamhusu mnunuzi anayefurahia bei rahisi bila kujua urahisi ule umetoka wapi. Nami nataka tulitazame kwanza katika kisa cha kale. Mambo ya leo yana watetezi wengi na wanaoyashambulia ni wengi vile vile, hata ukweli hupotea katikati yao. Lakini ya kale yamekwisha fungwa, na madaftari yake yamehifadhiwa.

Tarehe 20 Machi 1602 Bunge la Uholanzi liliziunganisha kampuni kadhaa za wafanya biashara waliokuwa wakishindana, likaunda kampuni moja, yaani Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Hati yake iliipa kampuni hiyo, kwa muda wa miaka 21, haki ya kufanya biashara peke yake miongoni mwa Waholanzi wote katika bahari zote za mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema. Tena ilipewa ruhusa ya kujenga ngome, kuajiri askari na kufunga mikataba na wafalme kwa jina la serikali. Mtaji wake ulipita guldeni milioni 6, nao haukutoka mifukoni mwa matajiri peke yao. Daftari la mji wa Amsterdam lingalipo, na ndani yake mna majina zaidi ya elfu moja. Kitabu cha kuandikisha wenye hisa kiliwekwa nyumbani kwa mkurugenzi mmoja aitwaye Dirck van Os. Na siku zilipokuwa zinakaribia kwisha, mtumishi wa kike wa nyumba ile, Neeltgen Cornelis, naye aliandikisha guldeni 100. Fedha hizo ni nyingi mno kwa mtumishi. Bila shaka alikuwa amesikia mabwana wakizungumza sebuleni, naye akaona heri.

Upande wa pili wa dunia, katika nchi tunayoiita leo Indonesia, vipo visiwa vidogo vya Banda. Wakati ule mti wa kungumanga haukuota kwa mavuno ya biashara mahali pengine popote duniani isipokuwa huko. Kungumanga na basibasi zilitoka visiwani humo zikapita kwa mikono ya Wajava, Wamalai, Waarabu na Wahindi mpaka zikafika Ulaya. Wabanda, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, hawakuwa na mfalme. Waliongozwa na wazee wao, na walimwuzia yeyote aliyekuja na mchele, nguo na bei nzuri. Waholanzi waliwafanya wazee hao watie sahihi mikataba ya kutomwuzia mtu mwingine. Wabanda hawakuishika. Hawakuweza kuishika, kwa maana visiwa vile havikutoa chakula cha kutosha, na kampuni haikuwaletea mchele wa kutosha, bali ilileta sufu na mahameli katika nchi ya joto!

Mwaka 1621 Gavana Mkuu wa kampuni, Jan Pieterszoon Coen, alikwenda Banda na kundi la meli za vita, na askari wapatao elfu mbili pamoja na askari wa kukodiwa kutoka Japani. Katika kijiji cha Selamon, msikiti uligeuzwa kuwa makao ya ofisa wa kampuni. Usiku mmoja taa ilianguka mle msikitini, Waholanzi wakataharuki wakidhani kwamba ndiyo ishara ya maasi, na kutoka hapo mambo yakaharibika kabisa. Wazee 44 walitiwa katika zizi la mianzi, wakakatwa vichwa na wale Wajapani. Vijiji vilichomwa moto. Wengi walikimbilia milimani wakafa kwa njaa, mamia wakasafirishwa kwenda Batavia kuwa watumwa. Wataalamu wa historia hukadiria kwamba visiwa vile vilikuwa na watu wapatao 15,000, na baada ya vita ile hawakubaki ila kiasi cha elfu moja. Mashamba yaligawanywa vipande, wakapewa Waholanzi waliokuwa watumishi wa kampuni, na watumwa wakaletwa kutoka nchi nyingine kuchuma matunda ambayo wenyewe walikuwa wameuawa.

Sasa tuulize. Nani aliwaua watu wa Banda?

Coen angejibu kwamba yeye alitumwa, na kwa kweli alikuwa ametumwa. Wakurugenzi walikuwa wamemwandikia mara kwa mara kwamba Banda lazima itiwe mkononi. Wakurugenzi, wale waitwao Mabwana Kumi na Saba, wangejibu kwamba hawakuwapo huko, na kwamba walipopata habari walisikitika, wakamwandikia kuwa wangependa mambo yale yangefanywa kwa upole zaidi. Walisikitika, lakini mashamba hawakuyarudisha. Bunge lingejibu kwamba lilitoa hati ya biashara, halikutoa hati ya kuchinja watu. Na wenye hisa? Wao walikuwa Amsterdam na Middelburg, wengine ni wajane na watumishi. Walipokea faida yao, mara nyingine kwa fedha na mara nyingine kwa viungo vyenyewe, na hakuna aliyewauliza neno. Sisemi kwamba yule mtumishi Neeltgen alikula faida ya damu ya Banda. Miaka 19 ilipita tangu alipoandika jina lake, na hisa zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa. Nasema kwamba watu wa mfano wake walikuwa wengi, na bila guldeni zao meli zile zisingeng'oa nanga.

Hivi ndivyo jambo hili lilivyo, ndugu msomaji. Kampuni ilikuwa chombo cha kugawanya. Iligawanya gharama, ili mtu mmoja asifilisike meli ikizama. Hilo ni jema, na wafanya biashara wa Makka pia walishirikiana hivyo katika misafara yao. Iligawanya faida, na hilo nalo ni haki. Lakini pamoja na gharama na faida, watu walidhani kwamba na dhambi nayo imegawanywa, kila mmoja akapata chembe ndogo hata asiihisi, na nyingine yote ikabaki juu ya yule mtu asiye nafsi.

Islamu haikubali hesabu hiyo. Tazameni namna Mtume Mtukufu s.a.w. alivyoisemea riba. Hakumlaani mlaji wake peke yake, bali alimtaja pamoja naye mwenye kuitoa, na mwandishi wa hati yake, na mashahidi wake wawili, akasema kwamba wao wote ni sawa. Mwandishi hakupata faida yoyote ila ujira wa kalamu yake. Na shahidi pengine hakupata hata huo. Hata hivyo wamewekwa katika safu moja. Faida hugawanywa kwa kadiri ya hisa, ama dhambi kila mshiriki hubeba ya kwake, na kubeba kwa mwenziwe hakumpunguzii yeye mzigo. Kurani Tukufu katika Sura An-Nisaa inafundisha vile vile kwamba mwenye kusaidia katika jambo baya anayo sehemu yake katika ubaya wake.

Mtu aweza kusema: "Mnamdai mtumishi wa nyumbani kitu asichokiweza. Angejuaje?" Jawabu ni kwamba asiyejua ana udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu, na sisi hatuna haki ya kumhukumu. Lakini haikuwa kweli kwamba haiwezekani kujua. Palikuwa na mwenye hisa mkubwa aitwaye Pieter Lijntgens, wa madhehebu ya Mennonite, ambayo ndugu zetu wa Musoma wanayafahamu vizuri. Watu wa madhehebu hayo wanaamini kwamba ni haramu kwao kushika silaha. Lijntgens alipoona kwamba meli za kampuni zinabeba mizinga na kuteka meli za watu, aliondoa fedha zake. Jambo hili lilitokea miaka mingi kabla ya damu ya Banda kumwagika. Yeye hakuwa Mwislamu, wala hakungoja kuona maiti. Aliona mizinga, ikamtosha. Nakiri kwamba habari ya mtu huyu imenigusa kuliko hotuba nyingi juu ya haki.

Kampuni ya Waholanzi haikuwa ya pekee. Ile ya Waingereza ilipewa hati yake tarehe 31 Desemba 1600, na mwaka 1765 ikapata kutoka kwa mfalme wa Delhi haki ya kukusanya kodi ya Bengali. Miaka minne baadaye mvua zilikosekana. Watu walikufa kwa njaa kwa wingi mno hata Warren Hastings, aliyekuja kuwa gavana, alikadiria kwamba theluthi moja ya wakazi waliangamia. Na Hastings huyo huyo aliandika mwaka 1772 kwamba mapato ya kodi ya mwaka 1771 yalizidi hata yale ya mwaka 1768, kabla ya njaa. Watu wamepungua theluthi, na kodi imezidi! Mfalme dhalimu angeogopa kwamba raia wakiisha ufalme nao umekwisha. Kampuni ilitazama mwisho wa mwaka tu, siku ya kutangaza faida huko London.

Pwani yetu nayo iliyajua mambo haya. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa na kujenga ngome Sofala, ili dhahabu iliyokuwa ikipita kwa mikono ya wengi ipite kwa mkono mmoja. Na kwa miaka mingi chombo chochote kilichokutwa baharini bila hati yao ya ruhusa kiliweza kutekwa. Mwaka 1888 Sultani Khalifa bin Said alikodisha forodha za pwani ya Tanganyika kwa kampuni ya Wajerumani. Haikupita miezi michache tangu makarani wake wateremke bandarini, watu wa Pangani na miji mingine wakainuka pamoja na Abushiri bin Salim. Kampuni ilishindwa, serikali ya Ujerumani ikaleta jeshi, na Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Upande wa kaskazini Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipata hati mwaka huo huo wa 1888, ikafilisika, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi. Katika pande zote mbili kampuni ilitangulia, na bendera ikafuata nyuma kuilipia deni.

Na karafuu zetu? Hapa pana ajabu. Waholanzi walitaka karafuu ziote Ambon na visiwa vya jirani tu, penye ngome zao; kwa hiyo kila mwaka walipeleka mitumbwi ya vita kuzunguka visiwa vingine vya Maluku na kuikata mikarafuu ya wenyeji. Hebu fikirini mti aliouotesha Mwenyezi Mungu kwa ajili ya viumbe wake wote, ukakatwa ili bei isishuke Amsterdam. Lakini mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuipata miche yake kwa siri na kuipanda Mauritius, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, mikarafuu ikafika Unguja na Pemba. Basi kila mkarafuu wa Pemba ni mtoro aliyekimbia ukiritimba. Yasikitisha tu kwamba mtoro huyo alipofika kwetu alipaliliwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, tena mabwana wao walikuwa Waislamu.

Tena tusijifanye kwamba ukiritimba ni ugonjwa wa Wazungu. Sultani Barsbay wa Misri, Mwislamu, aliwakataza wafanya biashara wa nchi yake katika miaka ya 1420 na 1430 wasiuze pilipili manga ila kwa njia yake yeye, akajaza hazina na kuwafilisi watu wake. Na katika Zanzibar, kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi ya 1964, mkulima wa Pemba hakuruhusiwa kumwuzia karafuu mtu mwingine ila shirika la serikali, kwa bei aliyopangiwa, na akivusha gunia usiku kwenda Kenya aliitwa mwenye magendo. Nia huenda ilikuwa njema. Lakini mkulima anayekatazwa kumtafuta mnunuzi wa pili hana namna ya kujua kama bei anayopewa ni haki au ni sadaka.

Sasa tuje katika zama zetu. Zipo kampuni leo ambazo mali yake inapita mapato ya mataifa mengi. Hazina mizinga wala hazikati vichwa vya wazee, na mwandishi anayezifananisha moja kwa moja na Coen anawadhulumu watu wa Banda na anazidhulumu kampuni zenyewe pia. Linalofanana ni hamu ya kuufunga mlango. Zamani mlango ulifungwa kwa ngome, leo hufungwa kwa hati.

Chukueni mfano wa dawa. Mwaka 1997 Afrika ya Kusini ilitunga sheria ya kuiwezesha kupata dawa kwa bei nafuu, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza watu wake. Mwaka 1998 makampuni ya dawa, na hesabu yao ilifika 39, yaliishitaki serikali ile mahakamani. Dawa za kumtibu mgonjwa mmoja kwa mwaka zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 katika nchi tajiri. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Kihindi, Cipla, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza kwamba itatoa dawa za namna ile ile kwa dola 350 kwa mwaka kwa wale wanaotibu maskini. Yaani mlango ulifunguliwa upenyo mdogo tu, bei ikaanguka mpaka chini ya sehemu moja ya ishirini! Mwezi Aprili mwaka huo makampuni yaliondoa mashitaka yao. Katika miaka mitatu ile ya kesi, kila familia ya Kusini mwa Afrika yajua ilizika nani. Wala hapana mtu mmoja uliyeweza kumwonyesha kidole na kusema kwamba huyu ndiye muuaji. Walikuwako mawakili waliofanya kazi ya uwakili, wakurugenzi waliolinda mali waliyokabidhiwa, na wenye hisa waliosoma hesabu ya mwisho wa mwaka.

Mfano mwingine ni mwepesi zaidi, lakini unafundisha. Mwezi Agosti 2024 hakimu Amit Mehta wa mahakama ya Marekani aliamua kwamba kampuni ya Google imehodhi kinyume cha sheria biashara ya kutafuta habari katika intaneti. Katika ushahidi ilidhihirika kwamba mwaka 2021 peke yake kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu na wengineo ili chombo chake kiwe ndicho cha kwanza mtu anapokifungua kifaa chake. Hakuna aliyelazimishwa, na chombo chenyewe ni kizuri. Lakini fedha nyingi namna ile za nini, kama si kuhakikisha kwamba mshindani hapati mahali pa kusimama sokoni?

Wenye kutetea ukiritimba wana hoja, na haifai kuipita kimya. Wanasema: "Nani angethubutu kupeleka meli Maluku, safari ya miezi minane, kama angejua kwamba mwingine atakuja nyuma yake na kula tayari? Na nani angetumia mamilioni kuitafuta dawa kama jirani angeweza kuiiga kesho yake?" Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mwenye kuhatarisha mali yake anastahili malipo, na Islamu, iliyoharamisha riba, imehalalisha faida kwa sababu hiyo hiyo kwamba mwenye faida amekubali na hasara. Lakini malipo yana mpaka. Hati ya Waholanzi ilikuwa ya miaka 21; ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka kampuni ikafa kwa madeni na rushwa mwisho wa mwaka 1799. Leo hataza ya dawa ni miaka 20, na wapo wanaoibadili dawa kidogo tu muda wake unapokaribia kwisha, ili wapate hataza mpya. Aliyepewa mlango auangalie kwa muda huja kudhani kwamba nyumba ni yake.

Hapo ndipo mafundisho ya Mtume Mtukufu s.a.w. juu ya soko yanapong'aa. Kuna wakati bei zilipanda Madina, na masahaba walimwomba awapangie bei. Alikataa! Alisema kwamba kupanda na kushuka kwa riziki kumo mkononi mwa Mwenyezi Mungu, naye anataraji kukutana na Mola wake bila mtu yeyote kumdai dhuluma. Basi bei kuwa juu peke yake si dhambi. Lakini yeye huyo huyo alimhesabu mwenye kuhodhi chakula kuwa ni mkosaji; alikataza watu wasiwaendee wenye misafara njiani na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni wakaijua bei; akachagua mahali pa soko la Madina, akaagiza kwamba pasibanwe wala pasitozwe kodi; na akafundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mwenye akili akiyatazama makatazo haya ataona kwamba yote yanalinda kitu kimoja, yaani njia ya mtu kumfikia mtu. Tajiri na awe tajiri. Asisimame tu katikati ya njia.

Hadhrat Khalifatul Masih II r.a., katika hotuba yake juu ya mfumo wa uchumi wa Islamu, aliyoitoa Lahore tarehe 26 Februari 1945, alieleza namna katazo la riba na katazo la kuhodhi yanavyosaidiana. Mali haiwezi kukusanyika mikononi mwa wachache kupita kiasi isipokuwa kwa mikopo ya riba inayomwezesha tajiri kutumia fedha za maelfu ya watu, na kwa kuungana wakubwa ili kuwaondoa wadogo sokoni. Mwaka ule vita vya pili vya dunia vilikuwa havijesha, na watu wengi walidhani kwamba hakuna ila njia mbili, ama kumwacha tajiri afanye apendavyo au kuiacha dola ihodhi kila kitu. Nasi tumeona katika Afrika ya Mashariki njia zote mbili, na tumeona kwamba mkulima alibaki na mnunuzi mmoja katika ile ya kwanza na katika ile ya pili.

Ziko njia gani basi kwa mtu wa kawaida? Mwenye hisa aulize kampuni yake inafanya nini, kabla hajauliza inalipa kiasi gani. Na asipopata jawabu, ana mfano wa Lijntgens. Mtumishi wa kampuni akumbuke kwamba kalamu ya mwandishi wa riba haikuachwa nje ya hesabu. Na mwenye mali, je?

Waislamu walipohamia Madina, maji matamu ya kunywa yalikuwa adimu. Palikuwa na kisima kiitwacho Ruma, na mwenyewe aliyauza maji yake. Mtume Mtukufu s.a.w. aliuliza ni nani atakayekinunua na kukifanya kuwa cha Waislamu wote, apate kilicho bora kuliko hicho Peponi. Hadhrat Uthman r.a. alisimama. Wapo wapokezi wanaosimulia kwamba mwenyewe alikataa kukiuza chote, akauza nusu, ili kisima kiwe siku moja cha Uthman na siku ya pili chake. Siku ya Uthman watu waliteka bure maji ya siku mbili. Na siku ya yule bwana hakuja mtu. Baada ya muda alikuja mwenyewe kumwomba Uthman anunue na nusu ya pili.

Uthman alikuwa mfanya biashara hodari, na bila shaka alijua kisima kile kingeweza kumletea nini mtu aliyekimiliki peke yake. Akakitoa wakfu, akawa anatumbukiza ndoo yake pamoja na ndoo za watu wengine. Miaka mingi baadaye, mwaka 656, alipokuwa Khalifa naye ni mzee, waasi waliizingira nyumba yake Madina na kumzuilia maji. Alipanda juu akawatazama, akawauliza kwa jina la Mwenyezi Mungu kama wanajua ni nani aliyekinunua kisima cha Ruma kwa ajili ya tajiri, maskini na msafiri. Wakajibu kwamba wanajua. Wala hawakumpa maji.